Singeli Inapofika Mahege

Saa nane usiku, Mahege. Jenereta linanguruma nyuma ya nyumba, spika mbili kubwa zimesimamishwa juu ya meza, na kijana mwenye jezi ya Yanga ameishika maiki kama mtu aliyemkamata jogoo na hataki amtoroke. Anachana singeli. Pembeni yangu kwenye mkeka amekaa mjomba wangu, mkulima wa korosho, mtu anayejua tenzi kwa kichwa kuliko mimi niliyezisomea. Baada ya dakika kumi hivi akaniinamia sikioni.

"Mjomba, huyu mtoto anasema nini?"

Nikafungua mdomo nimjibu, jibu sikuwa nalo. Mimi ninayewachosha humu kila mara na habari za vina na mizani nilikuwa nimedaka neno moja katika matano. Mbele yetu alisimama dogo wa miaka tisa au kumi, miguu peku, na alikuwa anayatamka maneno yote sambamba na mwenye maiki. Sauti hakutoa, midomo tu ilikuwa inakwenda. Hakukosa hata moja.

Aibu ile sijaimaliza. Nimeandika hapa mara ngapi kwamba vijana hawasomi ushairi? Kumbe swali lilikuwa kwangu.

Kwa wasiofika: Mahege ni kata ya wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani. Ukitoka Mbagala unapita Mkuranga, unapita Jaribu Mpakani na Bungu, unashuka Kibiti mjini, unaachana na lami ya barabara ya Kilwa na kutafuta bodaboda. Huko watu wanaishi kwa korosho, minazi na mpunga, na wazee wakitaka kusengenya bila watoto kuelewa wanahamia Kindengereko. Vijana wengi wamewahi kukaa Mbagala au Kariakoo, wakauza soksi na chaja za simu barabarani, wakarudi msimu wa korosho. Wanaporudi wanarudi na nyimbo. Zamani zilikuja kwenye kanda, baadaye kwenye memori kadi zilizojazwa stendi na vijana wenye kompyuta ndogo, siku hizi simu inatosha kama bando lipo. Mwenye spika na jenereta akipatikana, Manzese imefika.

Naitaja Manzese kwa sababu singeli ilizaliwa kule, na Tandale, na Mburahati, kwenye mitaa ya Dar es Salaam yenye watu wa Pwani waliosogea mjini. Wazee wake wanajulikana. Kuna ngoma za Wazaramo kama mdundiko, halafu mchiriku wa miaka ya 1990, uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio na ngoma, sauti ikipasuliwa na spika mbovu mpaka upasukaji wenyewe ukawa ndiyo ladha. Kuna pia taarab ya kisasa: madijei walichukua vipande vya mwanzo vya nyimbo za taarab, pale kinanda kinapocheza peke yake kabla mwimbaji hajaingia, wakavizungusha na kuvikimbiza, na juu yake kijana akaanza kuchana. Yote hayo yalifanyika kwenye mikesha ya mitaani, vigodoro, ambavyo viongozi wamevipiga marufuku mara nyingi na ambavyo havijawahi kufa.

Redio ya EFM ilipoipa singeli nafasi hewani, ikatoka uchochoroni. Msaga Sumu akavishwa taji la mfalme. Mwaka 2016 Man Fongo akatoa "Hainaga Ushemeji" na nchi nzima ikaujua mtindo huu, hata wale walioapa hawausikilizi.

Hebu tukae kidogo na jina hilo la wimbo. Hainaga. Kile kiambishi cha -ga ukikiandika kwenye mtihani wa Kiswahili unakula kalamu nyekundu, maana sarufi ya shule inadai mazoea yaonyeshwe kwa hu-. Lakini mtaani watu wanasemaga, wanaendaga, hainaga. Wametoka nacho kwenye lugha zao za nyumbani, wakakipandikiza kwenye Kiswahili cha Dar, na kimeshika mizizi. Waandishi wetu wa riwaya wanakitia kwenye mdomo wa mhusika mshamba ili tumcheke. Singeli ilikiweka kwenye jina la wimbo bila kumwomba mtu radhi, tena katika sentensi iliyopatikana kama methali. Mimi hilo nalihesabu kuwa tendo la kifasihi, na kubwa kuliko mashairi mengi niliyoletewa mwaka huu kuyahariri.

Sasa, muziki huu una wasikilizaji wa aina mbili wenye sauti kubwa, na kwa maoni yangu wote wawili hawausikii.

Wa kwanza ni Wazungu. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso" kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, na baada ya hapo vijana wa uswahilini wakaanza kupanda ndege kwenda kupiga kwenye matamasha ya Ulaya. Jambo jema, na pesa waliyopata ni halali yao. Ila soma sifa walizopewa. Kasi, kasi, kasi! Mapigo 200 kwa dakika, mapigo 300 kwa dakika, muziki wa kesho, muziki wa mashine iliyopagawa. Mwandishi anaweza kujaza ukurasa mzima bila kutaja hata jambo moja lililosemwa na mchanaji. Simlaumu sana, Kiswahili hajui. Lakini akina sisi tunaokijua tumezichukua sifa zake na kuzirudia, kana kwamba na sisi tumeshuka uwanja wa ndege jana.

Wa pili ni wakubwa zetu: wazazi, walimu, masheikh, mapadri, maofisa utamaduni. Hao wanasikia matusi tu. Na matusi yapo, nisiwafiche. Ila wakishasikia tusi moja masikio yanafunga, na yote yaliyokuja kabla na baada yanapotea.

Si kwetu tu, wadau. Nina ugonjwa wa kufuatilia muziki wa vijana wa Indonesia, na msicheke, sisi watu wa Pwani tuna undugu na kule. Ile ngalawa yenye matengo pande mbili inayovua kati ya Kisiju na Mafia, wataalamu wengi wanaihusisha na mabaharia wa kale waliovuka bahari kutoka visiwa vile. Basi, Java Mashariki walikuwa na muziki wa harusini na viwanjani, dangdut, wakauongeza kasi na ngoma nyingi ukaitwa koplo. Mwaka 2003 mwimbaji mmoja kutoka Pasuruan, Inul Daratista, alisimamisha nchi kwa uchezaji wake wa kuzungusha kiuno. Rhoma Irama, mfalme wa dangdut mwenyewe, akamshambulia hadharani, viongozi wa dini wakafuata, ikawa kesi ya taifa. Maneno yaliyotumika ukiyatia Kiswahili utadhani ni mkuu wa wilaya wa kwetu anazungumzia kigodoro. Halafu ikafika tarehe 17 Agosti 2022, siku ya uhuru wao: mvulana wa miaka 12, Farel Prayoga, akaimba "Ojo Dibandingke", wimbo wa Kijava, ikulu ya Jakarta mbele ya Rais Joko Widodo, na mawaziri wakanyanyuka kucheza. Tusi la 2003 limekuwa burudani ya ikulu ndani ya miaka 19.

Hadithi hiyo wengi wanaipenda, na wanaitabiria singeli mwisho uleule. Tayari singeli inapigwa kwenye mikutano ya siasa, mashati ya kijani yakiruka. Mimi hainifurahishi. Muziki kukubaliwa na wakubwa hakuna maana kwamba umesikilizwa. Waziri anaweza kucheza wimbo mzima bila kujua umesema nini, sawa na yule Mzungu wa Berlin.

Turudi kwenye mkeka. Asubuhi yake, wakati watu wanakunywa chai, nilimwita yule dogo. Nikamwomba amwambie babu maneno ya jana, polepole. Alichukia kidogo, maana singeli polepole ni kama kuambiwa ukimbie huku umekaa. Lakini akaanza, na mjomba akawa anahesabu kwa vidole juu ya goti. Nilijua anahesabu nini. Baada ya kama mistari sita akaninong'oneza, "Nane kwa nane. Huyu nane kwa nane." Mistari miwili ikavunjika, akatikisa kichwa. Halafu ikarudi tena. Mizani 16 iliyokatwa katikati, umbo ambalo kila mwanafunzi wa kidato cha tatu anaambiwa ni la tarbia na ni la kale, ilikuwa imelala chini ya mwendo ule wote kama barabara ya zamani chini ya lami.

Sisemi mchanaji alikuwa anatunga tarbia. Nilipomuuliza baadaye kama huwa anaandika akanijibu, "Siandiki kaka. Nikiandika naisahau." Anayo sikioni, aliipata kwenye kaswida, kwenye nyimbo za jando, kwa bibi yake, nani ajuaye. Jambo la kuzingatia ni kwamba anaishika na kuiachia kwa makusudi. Pale anapomtania mtu mmoja mmoja, mistari inanyooka na kituo kinaangukia kwenye pigo. Anapotaka watu waruke anaivunja, anarudia silabi moja mpaka inapoteza maana, anaingiza kelele za mdomo, halafu anairudisha mizani ghafla na watu wanapiga yowe. Hilo yowe si la kasi. Kasi ilikuwepo muda wote. Ni la kurudi.

Nakumbuka ugomvi wa mashairi guni. Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974 watu waligawanyika: huyu anaua ushairi, huyu anaukomboa. Ugomvi ulikuwa na faida zake, lakini ulipiganwa kwenye vyuo na kwenye kurasa za magazeti, na pande zote mbili ziliamini ni lazima uchague: ama ufungwe na mizani ama uachane nayo. Vijana wa uswahilini, ambao hawakualikwa, wameikalia kamba yenyewe. Wanafungwa na kufunguka ndani ya mstari mmoja. Mtu anayefundisha ushairi na hajawahi kukaa kigodoro mpaka alfajiri ana pengo katika elimu yake, na namwambia hivyo kwa heshima zote.

Nikiwa mhakiki lakini sitoi sifa bure. Vina vya singeli vingi ni vya bei rahisi. Kiswahili kinampa kila mtunzi kina cha bure, kwa sababu vitenzi vyetu vingi vinaishia na a, na mchanaji akichoka anapanga vitenzi kumi kwenye foleni na kuviita wimbo. Dulla Makabila, ambaye kwa maoni yangu ndiye mjanja zaidi wa maneno kati ya waliotoka, anaijua hatari hiyo na ndiyo maana nyimbo zake zinajengwa juu ya kisa: kuna mtu, kuna ugomvi, kuna jambo la kufuatilia. Wengi wa wanaomwiga wamechukua kasi na kijembe, kisa wamekiacha. Ukisikiliza kumi mfululizo zinakuwa wimbo mmoja.

Na kuna suala la wanawake, ambalo nisingependa kulipita mbio. Nilisema singeli ilichukua vipande vya mwanzo vya taarab, kabla mwimbaji hajaingia. Mwimbaji huyo alikuwa nani? Kwa sehemu kubwa alikuwa mwanamke. Taarab ilimpa mwanamke wa Pwani jukwaa, akasimama na gauni lake, akamsuta mwenzake, mumewe, mtaa mzima, na watu wakamfuata kumtunza noti. Singeli imebakiza kinanda, imebakiza kijembe, imebakiza noti, na imekata pale pale alipotaka kufungua mdomo. Mwanamke kwenye singeli anachezea wimbo, anatajwa, anatukanwa, anasifiwa umbo. Kushika maiki ni nadra. Sidhani kama madijei wa Tandale walikaa kikao wakaamua hivyo. Lakini kipande kinachozungushwa kila usiku ndicho hicho, na kila kinapoanza upya mimi namsubiri yule mama aingie, na haingii.

Mahege niliona jambo lililonifanya niwaze zaidi. Sherehe ile ilikuwa ya kumtoa mwali. Ilipofika saa kumi alfajiri, kungwi alituma mtoto kwa mwenye spika. Hakuna aliyebishana. Singeli ikazimwa katikati ya wimbo, jenereta likazimwa, na kwenye giza lile ngoma za wanawake zikaanza upande wa uani. Sisi wanaume tulisogezwa mbali, kwa hiyo yaliyoimbwa siyajui, na ningeyajua nisingeyaandika. Ninachoweza kusema ni kwamba yule kijana wa jezi, aliyekuwa sultani wa kiwanja dakika tano zilizopita, alikaa chini kwenye tairi akanywa maji kimya. Fasihi ya vijana pale ina nguvu, ila kuna fasihi nyingine pembeni yake inayoweza kuizima kwa kumtuma mtoto.

Nimeliacha mwisho lililonigusa zaidi: kutaja majina. Nusu ya kazi ya mchanaji ni hiyo. Anataja bwana harusi au baba wa mwali, anataja mwenye spika, anataja kijiwe cha bodaboda kwa mtu mmoja mmoja, kwa majina yao ya utani. Usiku ule mmoja alisifiwa kwa pikipiki mpya, halafu mstari uliofuata tukakumbushwa kwamba pikipiki ni ya mkataba na hesabu ya wiki hajapeleka kwa tajiri. Kiwanja kikalipuka. Jamaa mwenyewe alicheka mpaka akalala chini, akatoa elfu mbili. Mwingine aliyetoka Kariakoo na viatu vyeupe alitajwa pamoja na viatu, na tukaambiwa namba halisi ya mguu wake na namba ya viatu, ambazo hazikulingana. Ndani ya saa moja nilikuwa nimejua uchumi wa vijana wa kata ile kuliko ripoti yoyote ingenieleza: nani amelipwa korosho na nani bado anasubiri malipo ya mnada, nani ameacha shule, nani karudi mjini kwa mara ya tatu. Mabwana wakubwa wa historia wakitaka kujua vijana wa Pwani waliishije, hapa ndipo pa kutafuta.

Ndiyo maana kilichokosekana kilinisumbua.

Hii ni Kibiti. Kati ya mwaka 2015 na 2017 jina hili lilikuwa kwenye habari za dunia kwa sababu nyingine kabisa. Viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa mmoja baada ya mwingine, wananchi wakauawa, tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane wakauawa katika shambulio moja eneo la Jaribu. Mwaka huohuo polisi wakapiga marufuku pikipiki kutembea kuanzia saa 12 jioni Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Fikiria maana yake kwa sherehe. Hakuna bodaboda, hakuna wa kubeba spika, hakuna mkesha, taa zinazimwa mapema na mbwa akibweka watu hawatoki. Familia nyingi zilihama. Wako waliochukuliwa wakarudi, wako ambao hawajarudi. Na mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa anaripoti mauaji hayo kwa magazeti ya Mwananchi, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017 na hajaonekana tena.

Vijana waliokuwa wanaruka mbele yangu usiku ule walikuwa watoto wakati huo. Wanakumbuka. Na mchanaji anayetaja namba ya kiatu cha mtu hakugusa hata kwa mafumbo, na katika mikesha yote niliyokaa ukanda ule sijawahi kusikia aliyegusa.

Mwanzoni nililiona ni pungufu kubwa, na nikiwa kwenye basi kurudi nilikuwa nimeshaandika kichwani aya kali. Nilitaka kusema kwamba ardhi hii ina deni. Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905 cheche yake ilitoka Ngarambe, Rufiji hiihii, kwa Kinjikitile. Vita havijapoa, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akavitungia utenzi. Ebrahim Hussein akaja na *Kinjeketile* mwaka 1969. Sasa vijana wana maiki na spika za kusikika vijiji vitatu, na wanaimba viatu?

Aya hiyo nimeifuta, na sababu zangu ni mbili. Moja ni hesabu tu. Kati ya 1905 na tamthilia ya Hussein ni miaka 64. Kuna mambo yanayohitaji wajukuu. Na utenzi wa Abdul Karim, ambao tunaujua kwa sababu ulichapwa Ujerumani mwaka 1933, uliandikwa na mtu aliyejua vizuri serikali gani iko madarakani na anaandika nini kuihusu. Tukiwadai vijana wa Mahege ujasiri ambao sisi wenye blogu na kompyuta hatujauonyesha, tutakuwa tunachekesha. Mimi mwenyewe hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuliandika jina la Kibiti humu.

Sababu ya pili ni jambo lililotokea kabla kungwi hajatuma mtoto. Watu walikuwa wamepungua. Mama mmoja wa makamo, khanga kichwani na nyingine mabegani, alipita katikati ya kiwanja taratibu, bila kucheza, akampa mchanaji noti, akamwambia neno sikioni. Ndivyo watu wanavyofanya, unatoa hela unatajwa wewe au mtu wako. Yule kijana akaitika kwa kichwa. Mstari uliofuata akalitaja jina, la kiume, la utani, akalisalimia kama anavyowasalimia wengine, akamwambia mama yako yupo hapa anakuona. Nikageuka kumtafuta mwenye jina, kama ilivyo kawaida, maana mwenye kutajwa hunyanyua mkono. Hakuna aliyenyanyua. Vijana waliokuwa wanacheza hawakusimama, wimbo haukupungua mwendo, ila niliona wawili watatu wameshusha macho. Mama akasimama mpaka mstari ukaisha, akarudi alikotoka.

Nikamtazama mjomba. Alikuwa ameivaa kofia yake. "Kalitaja," alisema, na hakuongeza.

Sikumuuliza mtu yule kijana ni nani wala yuko wapi. Inawezekana yuko Msumbiji anatafuta maisha, inawezekana alikufa kwa homa, watu wanakufa kwa mengi. Siwezi kukijengea kisa hiki nyumba kisichoweza kuibeba. Lakini kama kazi yangu ni kusikiliza, basi nilisikia kwamba umbo lilelile ninalolidharau kwa kutajataja watu kwa elfu mbili lilikuwa na nafasi ya kumpokea huyu mama bila kumuuliza maelezo, likampa anachotaka na kumwacha aende zake. Tarbia isingeweza. Ingemtaka mishororo minne na mafunzo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye vyombo vya kurekodia, wanafunzi wa fasihi simulizi hasa, ni la vitendo. Mnaenda vijijini kukusanya methali na vitendawili kwa wazee, vizuri, endeleeni. Mkifika mkute na mkesha, kaeni. Rekodini maneno, siyo mapigo. Mtafuteni dogo anayejua yote, mumlipe soda, awasomee polepole. Studio za mjini zinatoa nyimbo zilizosafishwa zenye majina ya wasanii, lakini mchano wa Mahege ukiisha umeisha, na mwenye nao kichwani keshokutwa yuko Mbagala anauza chaja.

Mimi nilirekodi dakika 41 kwa simu. Nimezisikiliza mara nyingi, na mjomba amenitaka nimpelekee kwenye memori kadi, anataka kuhesabu tena. Jezi ya Yanga anasikika vizuri, kiatu kipo, pikipiki ya mkataba ipo. Yule mama hayumo. Chaji ilikuwa imebaki kidogo na nilikuwa nimeizima simu ili asubuhi niweze kumpigia wa bodaboda.